Mshahara wa Dodoma watosha, au ni gunia la nyumbani linalojaziliza?

WAFANYABIASHARA wa masoko ya Majengo na Sabasaba mjini Dodoma hawahitaji kutangaziwa kwamba mishahara ya serikali imetoka. Wanaiona kwa macho. Kati ya tarehe 23 na 25, mteja aliyekuwa akinunua nyanya za fungu moja anarudi na kikapu na kuuliza bei ya kuku mzima. Ikifika tarehe 12 ya mwezi unaofuata, mteja huyohuyo anaomba aandikwe kwenye daftari. Na ukiwa mwezi dume, ule wa siku 31, daftari hujaa mapema zaidi.

Kwa hiyo swali la kama mshahara unatosha kuishi mjini si la wafanyakazi peke yao. Mkulima wa Kongwa anayeuza mahindi, muuza mchele wa Bahi, mfuga kuku wa Chamwino na mwenye genge la Chang'ombe wote wanaishi kwa mshahara wa mtu mwingine. Ukipungukiwa, wao ndio wanaoanza kuhisi. Aidha, wengi wao wana mtoto au mdogo wao aliyekwenda mjini kuajiriwa, au anayefikiria kwenda.

Mfano wa kawaida ni wa binti wa Kibaigwa. Anauza chai na maandazi karibu na soko la mahindi, ambako madereva wa malori na makuli hawakosekani msimu wa mavuno. Shemeji yake anampigia simu: duka la vifaa vya ujenzi Dodoma linatafuta karani wa mauzo, mshahara Sh 360,000 kwa mwezi. Ndugu wote wanashangilia. Laki tatu na sitini ni fedha nyingi kwa mtu anayehesabu faida ya maandazi.

Hata hivyo, kabla ya kufunga jiko lake, ipo hesabu inayofaa kufanywa. Inahitaji karatasi moja na kalamu, na ugumu wake upo katika kuwa mkweli.

Mji uliojaa ghafla

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Wakati wa vikao vya Bunge mji ulichangamka, kisha ukarudi kulala. Hali hiyo ilibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikawakuta 765,179 katika jiji. Ni ongezeko la watu zaidi ya 350,000 ndani ya miaka 10, na kila mmoja wao alihitaji chumba, maji, nauli na ugali.

Mji Mkuu huu haukujengwa penye mito. Mvua za uwanda wa kati ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Maji ya mjini yametegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Mboga nyingi husafirishwa kutoka mbali. Anayedhani Dodoma lazima iwe rahisi kuliko Dar es Salaam kwa kuwa ni ndogo, anasahau kwamba nyanya ya kiangazi nayo hulipiwa nauli.

Mshahara wa mdomoni na wa mfukoni

Kosa la kwanza la wengi ni kupigia hesabu mshahara unaotajwa badala ya ule unaofika mkononi.

Kwa binti wa Kibaigwa, Sh 360,000 zinaanza kwa kukatwa mchango wa NSSF. Kwa utaratibu wa kawaida mfanyakazi huchangia asilimia 10 na mwajiri asilimia 10, hivyo Sh 36,000 zinaondoka. Zinabaki Sh 324,000. Kodi ya mapato ya mshahara, maarufu kama PAYE, haigusi Sh 270,000 za kwanza. Kinachozidi hapo hadi Sh 520,000 hutozwa asilimia 8. Kwake ni asilimia 8 ya Sh 54,000, yaani Sh 4,320. Mkononi zinafika Sh 319,680.

Kwa mtumishi wa umma orodha ya makato ni ndefu zaidi. Chukulia mtumishi mwenye shahada anayelipwa Sh 800,000. Mfuko wa PSSSF unachukua asilimia 5, Sh 40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 24,000. Chama cha wafanyakazi, kwa kiwango cha asilimia 2, Sh 16,000. PAYE kwa Sh 760,000 zinazobaki baada ya mchango wa pensheni ni Sh 68,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara inakwenda kulipa deni, Sh 120,000. Anayeitwa mtaani "bosi wa laki nane" anapokea Sh 532,000, na hapo bado hajakopa benki.

Muuza duka anayemkopesha mtumishi kwa kuangalia cheo chake anajidanganya kwa namna hii. Sheria inataka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na wako wengi wanaoishi palepale kwenye mpaka wa theluthi hiyo mwaka mzima. Kwa mwenye Sh 800,000, theluthi ni takriban Sh 266,700. Huyo ndiye mteja halisi.

Mwezi wa kwanza kabla ya mshahara

Kosa la pili ni kusahau kwamba mji hudai kabla ya kulipa. Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka ya miezi sita, wengine ya mwaka, na dalali aliyeonyesha chumba anataka chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi.

Ikiwekwa kodi ya Sh 50,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja cha kawaida katika mitaa kama Chang'ombe au Nkuhungu, miezi sita ni Sh 300,000. Dalali Sh 50,000. Jumla Sh 350,000, kabla ya godoro, jiko, ndoo na pazia. Fedha hizo zinazidi mshahara wote wa kwanza utakaofika mkononi, na zinahitajika siku 30 kabla haujafika. Hapo ndipo mama huuza mbuzi, au mbegu ya mwakani.

Bei zinazotumika katika hesabu hii ni za mfano. Kila anayepiga hesabu yake anapaswa kuweka bei za mtaa anaokwenda, na kuziuliza kwa mpangaji anayeishi hapo, si kwa dalali. Tofauti kati ya mtaa na mtaa ni kubwa. Nyumba zilizo jirani na ofisi au zenye choo ndani, kama nyingi za Ilazo na Kisasa, zina wateja wanaolipwa zaidi, na wenye nyumba wanalijua hilo.

Umbali nao ni kodi. Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Dar es Salaam. Mhudumu wa ofisi aliyepata chumba cha bei nafuu upande wa pili wa mji anaweza kukuta alichookoa kwenye kodi kinaishia kwa kondakta, na asubuhi aamke saa 10. Wakati mwingine chumba cha Ihumwa chenye kodi kubwa kidogo kinakuwa nafuu, lakini hilo halionekani mpaka nauli izidishwe mara mbili, kisha mara 26.

Hesabu ya mwezi

Turudi kwa karani wa mauzo. Kodi ya chumba, Sh 50,000. Umeme, maji na uzoaji taka, Sh 15,000. Nauli ya Sh 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 26 za kazi, Sh 31,200. Chakula cha mchana kwa mama ntilie, Sh 2,500 kwa siku 26, ni Sh 65,000. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni, Sh 3,000 kwa siku, Sh 90,000. Gesi ya kupikia, Sh 20,000. Simu, Sh 15,000. Sabuni, mafuta ya kujipaka, nywele na nguo, Sh 25,000. Fedha ya kutuma nyumbani, Sh 30,000, na hii haikwepeki, kwa sababu mtu akishaajiriwa mjini jina lake huhamia kwenye orodha ya wenye uwezo.

Jumla ni Sh 341,200. Mkononi zilifika Sh 319,680. Pengo ni Sh 21,520 kila mwezi, na hajaugua, hajafiwa, wala hajaletewa kadi ya mchango wa harusi. Mtu anayeijua Tanzania anajua kwamba mwezi usio na kadi ya mchango ni nadra.

Baadhi ya vifungu hivyo vina mitego. Umeme ni mmoja wao. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka akahamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, bei ni Sh 292. Nyumba yenye wapangaji sita wanaotumia mita moja huvuka uniti 75 bila shida, hata kama kila mmoja ana taa moja na redio. Matokeo yake mpangaji maskini wa nyumba ya vyumba sita hulipia uniti moja karibu mara tatu ya anavyolipia mwenye mita yake. Kodi ya jengo nayo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme ana haki ya kuidai kwenye kodi ya chumba, ingawa ni wachache wanaothubutu.

Maji ni mtego mwingine. Penye mgao, anayetegemea bomba la uani hununua ndoo kwa wasukuma mikokoteni, na lita ya mkokoteni haijawahi kuwa na bei ya lita ya bomba. Chumba chenye tangi la akiba kinaweza kuwa na kodi kubwa na bado kikawa nafuu.

Ukweli wa chakula

Takwimu za serikali zinasaidia, zikisomwa vizuri. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na ule wa chakula peke yake Sh 33,748. Kwa mtazamo huo karani wetu ni tajiri. Lakini mstari huo unawahesabu pia wa kijijini, wasiolipa kodi ya chumba wala nauli ya kwenda kazini, na bei tangu wakati huo zimepanda.

Mfumuko wa bei nao unahitaji jicho. Kwa miaka ya karibuni umekuwa ukitangazwa kuwa kati ya asilimia 3 na 4, jambo ambalo ni jema. Lakini katika kapu linalotumika kupimia, lenye mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2 tu. Katika hesabu ya karani hapo juu, mchana na jioni vinachukua Sh 155,000 kati ya 341,200, yaani asilimia 45. Chakula kikipanda, yeye anaumia zaidi ya inavyosomwa redioni. Hilo lilionekana Januari 2023: mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 4.9, huku bei za chakula zikiwa zimepanda kwa karibu asilimia 10. Kila aliyekuwa akinunua unga wakati ule anakumbuka.

Hapa ndipo mkulima anapoingia katika hesabu ya mshahara wa mjini bila mtu kumwandika.

Binti akiona pengo, anafanya wanachofanya wengine. Anapiga simu Kibaigwa. Mama anapakia kwenye basi dona la mwezi, maharage, karanga zilizotwangwa, mlenda uliokaushwa na chupa ya mafuta ya alizeti. Matumizi ya jioni yanashuka, tuseme kwa Sh 40,000. Pengo la Sh 21,520 linageuka kuwa salio la Sh 18,480. Mshahara unaonekana unatosha, na jirani anasema binti anajua kubana matumizi.

Kilichotokea ni kwamba mama analipa sehemu ya mshahara. Sh 40,000 kwa mwezi ni Sh 480,000 kwa mwaka, ambazo mahindi na maharage hayo yangeingiza kama yangeuzwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameajiri mtu mmoja na kupata ruzuku ya shamba asilolilima. Watu wa miji ya Tanzania wameishi hivi tangu miaka ya 1980, mishahara ilipoyeyuka na kila mfanyakazi akawa na shamba, kuku au biashara ya pembeni, hivyo si jambo la aibu. Ila lazima liandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mwaka wa njaa gunia haliji, na uwanda wa kati una miaka ya namna hiyo.

Katika masuala ya mahindi, upo unafuu mwingine unaopuuzwa na wengi wenye mishahara. Bei huwa chini mavuno yanapoingia, kuanzia Mei hadi Agosti, na hupanda kuelekea Januari na Februari. Anayenunua unga kilo mbili mbili dukani mwaka mzima hulipa bei ya Februari na faida ya watu watatu juu yake. Wafanyakazi wanne wakichanga Julai wakanunua magunia Kibaigwa, wakayahifadhi vizuri na kusaga dona badala ya kukoboa, wanaokoa mara mbili, kwa kuwa ukikoboa sembe, robo ya gunia au zaidi hubaki pumba. Mkulima naye angefurahi kumpata mnunuzi wa moja kwa moja, asiyedai lumbesa.

Madai ya 2010 yaliyofikiwa 2022

Mvutano kuhusu mshahara unaotosha una historia yake. Mwaka 2010 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini cha Sh 315,000 na kutishia mgomo. Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, alisema serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho. Mgomo haukufanyika.

Kima cha chini cha serikali kilifika Sh 300,000 Julai 2015, kikakaa hapo miaka saba. Julai 2022 kikawa Sh 370,000, baada ya nyongeza ya asilimia 23.3. Yaani Sh 315,000 za mwaka 2010 zilivukwa miaka 12 baadaye, wakati bei kwa jumla zilikuwa zimepanda takriban mara mbili. Mfumuko ulikuwa asilimia 12.7 mwaka 2011 na 16 mwaka 2012. Mei Mosi ya 2025 mjini Singida, Rais Samia alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1, na kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha serikali kikawa Sh 500,000. Baada ya PSSSF, PAYE, bima ya afya na chama, mwenye mshahara huo anapokea Sh 433,600.

Kwa sekta binafsi, amri mpya ya mishahara iliyoanza Januari 1, 2026 ilipandisha kiwango kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322. Hiyo ni takwimu ya jumla. Kila sekta ina kiwango chake, na anayeajiriwa aulizie cha sekta yake asije akaridhika na kisicho chake.

Nyongeza ni halali ya mfanyakazi. Kwa mfanyabiashara mdogo ni habari njema pia, kwa kuwa nyongeza ya mtu wa kipato cha chini haiendi mbali. Inaishia buchani, gengeni na kwa fundi cherehani. Tatizo ni kwamba wenye nyumba nao husikiliza redio siku ya Mei Mosi.

Wenye miji miwili

Kundi moja ambalo halitazamwi sana ni la watumishi waliohamishiwa Dodoma familia zikabaki Dar es Salaam. Wana majiko mawili yanayowaka na kodi mbili. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024 imewapunguzia muda. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh 31,000. Kwa kiwango hicho, anayekwenda kuona wanawe mara mbili kwa mwezi hutumia Sh 124,000 kwa treni peke yake, kabla ya zawadi. Wauza nyama choma wa mnada wa Msalato kila Jumamosi wanawapoteza wateja hao wikiendi, hivyo hesabu yao nayo imo.

Pengo la Sh 20,000 au 30,000 kwa mwezi linaonekana dogo. Kwa bahati mbaya, ndilo linalowalisha wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa "kausha damu". Mtu akichukua Sh 100,000 na kurudisha Sh 130,000 baada ya mwezi, pengo la mwezi wa pili limeongezeka kwa 30,000 kabla hajanunua chumvi. Kikomo kilichowekwa kwa kampuni za mikopo midogo zenye leseni ni riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo uleule ni Sh 3,500. Anayeombwa aache kadi yake ya benki kama dhamana aondoke. Kadi ikiwa kwa mkopeshaji, mshahara si wake tena, na muuza genge aliyemkopesha unga atasubiri sana.

Maandazi nayo yahesabiwe

Upande wa pili wa karatasi ni biashara anayotaka kuiacha. Nayo mara nyingi hupambwa. Msimu wa mahindi, miezi mitano, binti anapata faida ya Sh 12,000 kwa siku. Miezi saba iliyobaki, malori yakipungua, anapata Sh 5,000. Kwa siku 26 za kila mwezi, mwaka mzima ni Sh 2,470,000, ambayo ni wastani wa Sh 205,800 kwa mwezi. Kijijini analala kwao, anachangia chakula Sh 60,000, simu na sabuni Sh 40,000. Zinabaki Sh 105,800.

Kwa hiyo mshahara wa laki tatu na sitini unamwacha na pengo, na maandazi ya laki mbili yanamwachia laki moja. Haya ndiyo yanayofichwa na ukubwa wa tarakimu.

Ajira ina faida zake ambazo jiko la maandazi halina. Kila mwezi Sh 72,000, zake na za mwajiri, zinaingia NSSF kwa jina lake, na hapo ndipo pa kuchunguza kwanza, kwa kuwa wapo waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka. Mshahara haupungui mvua isiponyesha. Anajifunza kazi ya duka, na baada ya miaka mitatu anaweza kuwa na la kwake. Kama hayo ndiyo anayoyafuata, anaweza kukubali kuishi kwa kubana, lakini ajue anakubali nini.

Akitaka abakiwe na kile anachobakiwa nacho sasa, Sh 105,800 baada ya matumizi yote, mshahara kabla ya makato unapaswa kuwa takriban Sh 514,000. Akitaka kuziba pengo tu na kuweka akiba ya kama Sh 39,000, unapaswa kuwa Sh 433,000. Hizo ndizo namba za kwenda nazo kwa mwenye duka.

Akijibiwa kwamba uwezo unaishia Sh 360,000, yapo mawili ya kuomba yasiyomuumiza sana mwajiri. La kwanza ni kukopeshwa kodi ya miezi sita bila riba, akatwe kidogo kidogo, ili mbuzi wa mama asiuzwe. La pili ni chakula cha mchana kazini. Duka lenye wafanyakazi wanane likipika sufuria moja halitumii Sh 2,500 kwa kila sahani, na kwa karani ni Sh 65,000 zinazobaki mfukoni. Matumizi yake yanashuka hadi Sh 276,200, na kwenye Sh 319,680 zinabaki Sh 43,480. Bado hazijafikia za maandazi, lakini gunia la mama linaweza kukaa ghalani hadi Januari, bei ya mahindi ikishapanda.